Anayekata Achague Mwisho

9 Oktoba 2006, Jumatatu

Laini mpya imewashwa leo. Mutinda, fundi wa kampuni ya intaneti, ameniambia niandike kila siku laini ikiwa polepole, ili siku ya kulalamika nisibishiwe. Basi naandika.

Antena iko juu ya paa, inatazama mlingoti ulio kilima cha Lukenya. Tumeikodi watatu kwa sababu hakuna anayeweza kuikodi peke yake. Mimi niko chini, chumba kinachoangalia barabara ya kushuka sokoni, kompyuta sita, watu wanakuja kusoma barua pepe na kujaza bahati nasibu ya kwenda Amerika. Mlango wa pili ni Salah Hirad, ambaye anapigisha watu simu za ng'ambo kupitia intaneti. Wasomali wote wa mji huu hupigia kwake. Ghorofani ni chuo cha kompyuta cha Mzee Bartholomew Mwanzia, mzee wa kanisa, kompyuta ishirini. Kila mmoja analipa theluthi.

Mutinda alipomaliza alifunga kisanduku chake akasema, "Sasa ni yenu. Mgawane vizuri."

Hakuna aliyeuliza vizuri ni vipi.

10 Oktoba

Laini inakimbia. Mteja mmoja amefungua picha za mjukuu wake akapiga makofi.

17 Oktoba

Mvua ya kwanza. Harufu ya vumbi limelowa mpaka ndani ya kompyuta. Laini polepole.

18 Oktoba

Mvua. Polepole.

19 Oktoba

Mvua. Polepole sana. Mutinda anasema kwa simu kwamba huenda maji yameingia kwenye viungo vya waya. Nimemwambia Mzee Bartholomew, tulipokutana ngazini, kwamba mimi nadhani si maji. Ni hao wa simu. Mtu anaongea na Minneapolis saa nzima, sisi tutabaki na nini? Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Tuvumilie, Mwalimu." Bado ananiita Mwalimu ingawa niliacha kufundisha hesabu miaka minne iliyopita.

24 Oktoba, Idd

Salah amefunga duka. Asubuhi alipita na sahani ya sambusa na nyama ya mbuzi, amevaa kanzu nyeupe, akasema, "Mama Ndunge, hii ya watoto, usiwanyime." Ndunge na mdogo wake wamekula zote.

Jua limewaka siku nzima, wala hakuna wingu. Duka la Salah limefungwa.

Na laini ilikuwa polepole kama konokono.

Nimekaa mbele ya kompyuta. Siyo mvua. Siyo Salah. Na mimi wiki nzima nimekuwa nikimsema Salah, na watoto wangu wamekula sambusa zake.

25 Oktoba

Nimepanda juu. Wanafunzi walikuwa wameenda kula. Kompyuta ishirini zilikuwa peke yazo, na katika kila moja kulikuwa na programu inapakua faili. Siyo programu ya kawaida. Hii inakata faili vipande kumi na sita na kuvivuta vyote kwa mara moja, kila kipande kwa njia yake. Na hii laini haigawi kwa mtu. Inagawa kwa njia. Mteja wangu akifungua ukurasa mmoja anahesabiwa mtu mmoja. Kompyuta moja ya Mzee inahesabiwa watu kumi na sita.

Mzee Bartholomew aliingia akipangusa mikono. Harufu ya isyo, mahindi na maharagwe, ilikuwa bado kwenye vidole vyake.

"Mzee, hizi ni nini?"

"Ni masomo, Mwalimu. Video. Vijana wajifunze."

"Unatumaliza."

Hakukataa. Kitu kilichonichoma ni kwamba hakukataa. Alivuta kiti akanionyesha niketi, nikakataa.

"Mimi niko na wanafunzi ishirini," akasema. "Wametoka Masii, Mwala, Wamunyu. Wazazi wameuza mbuzi. Wewe uko na wateja sita, na wawili wanaangalia harusi za watu. Haki ni nini hapo?"

"Haki ni kwamba tunalipa sawa."

"Tunalipa sawa ili mlango ufunguliwe. Ukishafunguliwa, kila mtu anaingia na watu wake. Mtu ishirini na mtu sita wapewe sahani moja moja? Wewe ndiye mwalimu wa hesabu."

"Na wiki yote ukaniacha nimlaumu Salah!"

"Mimi sikumtaja Salah. Wewe ndiye ulimtaja."

Niliteremka nikikanyaga ngazi kwa nguvu. Hasira yangu imekuwa kubwa zaidi kwa sababu sikupata jibu. Nimetafuta jibu jioni yote nikipika na sijalipata.

27 Oktoba

Salah naye ametia programu yake. Ameniambia mwenyewe, bila kuficha. Kuna kijana wa Mlolongo amemfanyia: programu inapakua takataka yoyote ili kushikilia nafasi, halafu mteja wa simu akija anaizima na nafasi inakuwa yake.

"Wallahi, Mama Ndunge, ningefanya nini? Jana mama mmoja alikuwa analia na mtoto wake. Simu ikakatika katikati ya kilio. Anaangalia mimi kama nimemuua mtoto."

Sikumlaumu. Lakini sasa nimebaki mimi peke yangu mwenye adabu, na mwenye adabu ndiye anayelala njaa.

30 Oktoba

Mvua kubwa. Wateja wanne tu.

Chuo kikuu tulisoma nadharia ya michezo, hesabu ya watu wanaoshindana. Mhadhiri alikuwa akichora jedwali ubaoni, sisi tunanakili na kupiga miayo. Leo nimelichora mwenyewe nyuma ya karatasi ya bahati nasibu. Chukua watu wenye silanga moja, bwawa la kunyweshea mifugo. Jirani akinywesha ng'ombe wachache, mimi nikileta wengi ninapata faida. Jirani akileta wengi, mimi nikileta wachache ninakuwa mjinga. Kwa hiyo, afanye asifanye, akili inaniambia nilete wengi. Na yeye akili yake inamwambia vivyo hivyo. Sote tuna akili timamu, na sote tunakunywa tope.

Mtihani nilipata alama nzuri sana. Nilidhani ni habari ya watu wengine.

3 Novemba

Polepole.

6 Novemba

Polepole. Mteja amerusha kipanya mezani akatoka. Sikumfuata.

8 Novemba

Mukai alikuja akiwa bado na sare ya uuguzi, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Huyu ni mteja wangu tangu nifungue. Anafanya kazi kituo cha afya, wodi ya watoto, na kwa miaka miwili amekuwa akiandika maombi ya kazi ng'ambo hapa kwangu, kompyuta ya mwisho karibu na dirisha. Nimemsaidia kupanga maneno mara nyingi. Leo alifungua barua pepe, akangoja, akangoja, ukurasa ukaja nusu, kisha akashika mkono wangu.

"Mama Ndunge, soma wewe. Mimi macho yamekataa."

Hospitali moja ya Ireland, wodi ya watoto. Wanataka kumhoji kwa simu ya intaneti.

Tulipiga kelele kama watoto. Akasema atafanyia kwa Salah kwa sababu kule kuna kibanda cha mbao na vifaa vya masikioni. Ni wiki ijayo, akasema. Sikuuliza siku gani. Mteja mwingine alikuwa ananiita.

13 Novemba

Salah ametuita dukani kwake, chai ya tangawizi, sisi watatu. Tumekubaliana kila mtu aondoe programu zake. Hakuna mlinzi, hakuna faini, neno tu. Mzee Bartholomew aliomba dua fupi na Salah akaitikia amina. Tukapeana mikono.

14 Novemba

Inakimbia! Hata kwenye mvua.

15 Novemba

Inakimbia. Nimemsalimia Mzee kwa jina la babake. Akacheka.

16 Novemba, Alhamisi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi laini ilikuwa nzuri. Kabla ya adhuhuri ikaanza kukwama. Nilingoja. Nilimwambia mteja angoje. Nilitoka nje kwenye manyunyu nikatazama dirisha la juu, nikaona mwanga wa kompyuta zote ishirini, na hakuna kichwa hata kimoja mbele yake. Walikuwa wameenda kula. Zilikuwa zinapakua zenyewe.

Siku tatu! Neno la mzee wa kanisa, na dua juu yake, lilidumu siku tatu.

Sikupanda kumuuliza. Ningepanda, mambo yangekuwa mengine. Lakini nilikuwa nimeshapanda mara moja, na mara ile nilishuka bila jibu. Kile nilichojifunza chuoni kinasema hivi: mtu akivunja, nawe vunja, vunja mara hiyohiyo, ahisi. Kwa hiyo niliwaambia wateja wangu wapumzike kidogo, nikaitia ile programu katika kompyuta zote sita, na si kwa vipande kumi na sita. Niliifungua mpaka mwisho wa uwezo wake. Nikapakua chochote, filamu nisizozijua, muziki wa nchi nisizozijua. Nilisimama katikati ya chumba nikiangalia namba zikipanda na nilikuwa na furaha. Naandika hilo pia. Nilifurahi.

Muda si mrefu Salah akaingia mbio, hana hata koti, maji yanamtiririka.

"Mama Ndunge, ni wewe?"

"Ni yeye aliyeanza."

"Ni wewe? Zima! Mukai yuko kwangu, anahojiwa!"

Nilizima. Nilikosea vitufe, mwishowe nikang'oa waya ukutani. Nikamfuata Salah. Mukai alikuwa ndani ya kile kibanda, amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, nywele amesuka upya. Alikuwa anasema kwa Kiingereza, polepole, "Mnanisikia? Mnanisikia sasa?" Akasema hivyo mara nyingi. Kisha akavua vile vifaa vya masikioni, akaviweka mezani kwa utaratibu kana kwamba ni vya kioo.

"Walisema wanasikia neno moja katika matano," akasema. "Wamesema wana watu wengi leo. Wakanitakia mema."

Salah aliniangalia. Kisha akamwambia, "Ni mvua, dada. Mvua hii."

Mimi nikanyamaza.

17 Novemba

Mvua. Sikufungua.

18 Novemba

Nimepanda juu. Mzee Bartholomew alikuwa peke yake. Nilimwambia yote, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka sokoni. Nilimwita mnafiki. Aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi.

"Wale wanaotahini vijana wangu walituma makaratasi ya mtihani siku hiyo," akasema. "Yanafunguliwa siku hiyohiyo au hayafunguliwi tena. Vijana ishirini, Mwalimu."

"Ungekuja kuniambia!"

"Ungekubali?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Sikuweza. Nisingekubali. Ningesema tunalipa sawa.

Ndipo akauliza, "Huyo msichana Mukai, ni yule anayechanja watoto kwa upole? Amechanja wajukuu wangu." Akafunika uso kwa kiganja. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona mzee huyu kuwa mzee.

Bado namkasirikia. Lakini siwezi tena kumkasirikia yeye peke yake.

20 Novemba, Jumatatu

Mukai alikuja jioni, akaketi kompyuta yake ileile. Hospitali imemwandikia kwamba nafasi imechukuliwa.

"Basi," akasema, "kama ni mvua, ni mvua. Mtu atapigana na Mungu?"

Ningeweza kuitikia. Salah ameshasema ni mvua, mji wote unasema ni mvua, barabara ya kwenda Wote imekatika, nani angeuliza?

"Siyo mvua, Mukai. Ni mimi."

Nilimweleza. Sikumtaja Mzee Bartholomew mpaka aliponiuliza kwa nini, na hata hapo nilisema tulikuwa na ugomvi. Alinisikiliza hadi mwisho. Alipozungumza, alizungumza kwa Kikamba, polepole, kisha akarudia kwa Kiswahili kana kwamba lugha moja haikutosha.

"Mlikuwa mnapigania nini?"

"Laini."

"Hapana. Niambie kitu. Ulikuwa unapakua nini, hicho kitu chenyewe?"

Nikamwambia. Filamu. Sijui filamu gani.

Akainuka, akafunga sweta yake kifungo kwa kifungo. "Miaka miwili naketi hapa," akasema. "Unajua jina la mama yangu. Unajua kwa nini nataka wodi ya watoto." Akatoka bila kufunga mlango, na mvua ikaingia.

22 Novemba

Tumekutana tena kwa Salah. Hakuna aliyetaka chai.

Nilisema neno la mdomo halitoshi. Mzee akasema tugawe kwa vichwa vya watu. Mimi nikasema kwa malipo. Salah akasema wa simu wapewe kwanza, kwa sababu barua pepe ikichelewa haifi lakini sauti ikichelewa imekufa. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na kila haki ilimfaa mwenyewe. Tulipigiana kelele hadi mteja wa Salah akagonga ukuta wa kibanda.

Ni Salah aliyechoka kwanza. "Mjomba wangu Nur," akasema, "akinunua ng'ombe pamoja na wenzake, mmoja anawatenga mafungu matatu. Yule anayetenga anachagua mwisho. Hawajawahi kupelekana kwa chifu."

Hata njia hii niliisoma chuoni, na kasoro zake nazijua: kwa watu watatu, anayechagua wa pili anaweza kuumia. Nikasema basi tuzungushane, kila mwezi mwingine akate. Na fungu ambalo mwenyewe hatumii saa hiyo, liwamwagikie wengine.

"Na nani atalinda?" Mzee akauliza.

Tumekubaliana Mutinda alete kompyuta kuukuu ikae langoni mwa laini, kila kitu kipite hapo, ipime. Nywila itakuwa ya vipande vitatu, kila mtu aandike chake huku amefunika kwa mkono. Hakuna atakayeweza kufungua bila wenzake.

Hatuaminiani. Angalau sasa tumesema hivyo waziwazi.

27 Novemba

Kura imemwangukia Mzee kukata ya Desemba. Aliinamia karatasi tangu asubuhi, anafuta, anaandika, anaongeza kasi ya asubuhi hapa na ya jioni pale. Nimemwangalia. Mtu anayejua atabaki na kile wengine wamekiacha hupima kwa jicho lingine kabisa. Salah alichagua, nikachagua mimi, na mafungu yalikuwa sawa kiasi kwamba nilisimama muda mrefu nikishindwa kuamua.

Hilo nalo limenikasirisha. Kumbe aliweza.

1 Desemba

Laini ni nzuri. Si ya kukimbia. Inatembea, haisimami.

Kompyuta ya dirishani haina mtu.

5 Desemba

Mzee Bartholomew ameteremka kuniona. Hajawahi kuteremka. Amesema Mukai anakwenda kwake siku hizi, jioni, wanafunzi wakishatoka. Amepata mahojiano mengine, Ijumaa mchana. Na fungu la Mzee la mchana ni dogo, kwa sababu alilikata hivyo mwenyewe.

"Amekutuma uniombe?"

"Hapana. Hajui niko hapa."

"Chukua langu lote Ijumaa."

Aliniangalia kama anayepima uzito wa kitu. "Lote, Mwalimu?"

"Nimesema lote. Usinifanye nirudie."

Tukaenda kwa Salah, tukaandika vipande vyetu vya nywila, mikono ikifunika. Salah naye akatoa nusu ya lake.

8 Desemba, Ijumaa

Kompyuta sita zimewaka na hakuna ukurasa unaofunguka. Wateja walinitukana. Jamaa mmoja aliyekuwa na bahati nasibu yake ya Amerika akasema mimi ni mwizi, nikamjibu vibaya kuliko inavyofaa, nikamrudishia pesa zake na kumfungulia mlango. Muda wote nilikuwa natazama dari.

Mvua ilinyesha kwa nguvu. Nilisikia viti juu vikisogezwa. Kisha hatua za Mzee kwenye ngazi. Akachungulia mlangoni, akasema, "Amemaliza. Haikukatika hata mara moja," akarudi.

Nikaingia jikoni nyuma nikapiga ukuta kwa kiganja. Ingewezekana tangu mwanzo. Ndicho kilichoniuma. Tangu mwanzo ingewezekana.

14 Desemba

Zamu ya kukata ya Januari ni ya Salah. Analalamika kichwa kinamuuma. Vizuri, kimuume.

19 Desemba

Amepata. Mzee ameniambia. Si wodi ya watoto. Ni nyumba ya kutunzia wazee, mashambani huko, mbali na mji wowote. Ataondoka viza ikitoka, labda Machi.

23 Desemba, Jumamosi

Mvua imepumzika, mji umejaa watu waliotoka Nairobi kwa Krismasi. Nilikuwa nafagia matope mlangoni nilipoinua macho nikamwona Mukai, na pamoja naye mama mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani, ameshika kiuno kwa maumivu.

Sikujua nifanye nini na ufagio.

"Nilitaka watoto," Mukai akasema. "Nimepewa wazee."

"Nimesikia."

"Usiniombe msamaha leo."

"Siombi."

Akamwonyesha mama yake kiti, mama akaketi akipumua. Mukai akashusha sauti.

"Nikienda, atakuwa anakuja kusomewa barua zangu. Kwa Mzee Bartholomew kuna ngazi, miguu yake haipandi. Kwa Salah kuna kelele. Ndiyo sababu. Hakuna sababu nyingine."

"Nitamsomea."

"Kila Jumamosi. Na hatakulipa."

"Hatanilipa."

Macho yake hayakulainika, na mimi sikuyakwepa.

"Huyu mama anauliza maswali," akasema. "Siku moja atakuuliza kwa nini mtoto wake hakwenda kule kwa watoto. Mimi sijamwambia. Utamwambia wewe."

Kisha akageuka kwa mama yake, akamwambia kwa Kikamba kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mimi ndiye Kamanthe, nitakayekuwa namsomea.

Mama akaninyooshea mikono yote miwili.